Meza ya Mke wa Askari

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sifichi. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikigombana na mkunga, na wote waliouza pamoja nami katika soko la Owino, Kampala, watakuambia kuwa sauti yangu ilikuwa ikifika sokoni kabla yangu. Kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee habari za mwanamke mpole aliyeleta amani kwa maneno matamu. Amani niliyoshiriki kuitengeneza ilitengenezwa kwa kelele, kwa ukaidi, na kwa kununiana wiki nzima nzima, na yote yalikuwa juu ya meza moja ya mbao isiyozidi hatua mbili kwa urefu.

Meza yenyewe ilipakana na yangu. Mimi niliuza vitunguu na nyanya. Jirani yangu aliuza ufuta, karanga, bamia kavu, tangawizi na hina. Alikuwa Mnubi, wa kizazi cha wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza zamani, na mumewe alikuwa dereva wa lori la jeshi. Katika miaka ile ya utawala wa kijeshi, mke wa mwanajeshi sokoni aliogopwa kuliko mkaguzi wa afya. Wanawake walimsalimia kwa heshima ya mdomoni, akipita wakashusha sauti. Mimi sikumwogopa. Nilikulia katika nyumba za polisi, baba akiwa koplo kutoka kaskazini na mama Mganda, na Kiswahili ndicho tulichochezea, ndicho tulichotukania. Yeye na mimi tulikiongea kutwa, tukicheka kwa sauti, na wenzetu wakitutazama kwa jicho la pembeni, maana kwao hiyo ilikuwa lugha ya watu wanaogonga mlango na kukuamuru uvae viatu mtoke.

Sasa, safu yetu ilikuwa na desturi iliyoitwa kushika meza. Mwenzenu akifiwa, hapaswi kuja sokoni. Anatuma salamu tu, hata kwa mtoto, hata kwa mchukuzi: nimefiwa, nishikieni meza. Basi. Kuanzia hapo wenzake wanapokezana zamu, wanauza mali yake kabla ya kuuza yao, na chochote kinachopatikana anapelekewa nyumbani. Hakuna anayeruhusiwa kukaa pale kwa manufaa yake. Mama yangu alipofariki, nilikwenda kumzika, nikakaa huko wiki mbili na ushei. Niliporudi nilikuta nyanya zangu zimeuzwa, nyingine zimenunuliwa upya, na meza imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa. Aliyeishika siku nyingi kuliko wote ni yule Mnubi.

Mkubwa wa safu yetu alikuwa mama mmoja Mkatoliki, mtu wa rozari na wa kauli moja, muuza maharage. Ndiye aliyeamua ugomvi, ndiye aliyegawa nafasi. Mwanawe wa pekee, kijana wa chuo, alikuwa amechukuliwa mchana na watu wa usalama, akatiwa kwenye buti ya gari, na hakuonekana tena. Mama wa watu alizunguka kambi zote akiuliza. Kwenye moja walimcheka. Baada ya hapo akarudi kwenye maharage yake, akawa hacheki, hagombani sana, anafanya kazi tu.

Kisha ikaja Aprili ya mwaka wa sabini na tisa, majeshi ya Tanzania pamoja na watu wetu waliokuwa uhamishoni yakaingia Kampala, na serikali ile ikaanguka. Banange! Mji ulipasuka. Watu walicheza barabarani, na waliokuwa wakicheza ndio hao hao waliokuwa wakivunja maduka. Kule Katwe niliona mabati yakiburutwa, mtu amejitwisha kitanda peke yake, mwingine amebeba kiti cha daktari wa meno. Askari wa serikali iliyoanguka walikuwa wanakimbilia kaskazini, na watu walikuwa wakiwinda wake zao, ndugu zao, na yeyote aliyefanana nao.

Siku ya tatu jirani yangu akaja sokoni. Mjinga gani! Lakini alikuwa na watoto watatu na unga ulikuwa umekwisha, akadhani atachukua mali yake haraka kabla watu hawajajaa. Mkubwa wa safu akamwona. Sijawahi kumwona mwanamke yule akikimbia, siku hiyo alikimbia. Alimshika mtandio, akauvuta mpaka ukachanika, na alikuwa akipiga kelele sentensi moja tu, mara kumi, mara ishirini: "Mwambie mumeo anirudishie mwanangu! Mwambie mumeo anirudishie mwanangu!" Watu wakaja mbio. Beseni la ufuta likapinduliwa, mwavuli ukang'olewa, magunia yakagombaniwa. Jirani yangu, kichwa wazi, damu puani, akageuka akanitazama mimi.

Mimi nikatazama vitunguu vyangu.

Hilo nalisema kwa sababu bila hilo mengine yote hayana maana. Mimi, niliyekuwa na mdomo wa kutisha soko zima, siku ile sikuwa na neno. Yeye akaponyoka, akakimbia. Na chini ya meza yake kilikuwa kimebaki kinu chake kidogo cha shaba cha kutwangia tangawizi, kizito, cha bibi yake. Nilikiokota nikakifunika kwa gunia. Nilijiambia kwamba nakihifadhi. Wiki ya pili nilikuwa natwangia pilipili zangu. Uongo mtupu ule, nilikuwa nimeiba kama wengine.

Soko lilipotulia, meza yake ilibaki tupu, imeegemea yangu, mguu mmoja umevunjika. Kanuni ilikuwa kwamba meza ikikaa mwezi mzima bila mtu na bila salamu, mkubwa wa safu anampa mwingine. Katikati ya Mei mkubwa akatangaza: "Asiye na hatia hakimbii na kujificha. Huyu ameshavuka mpaka, anakula alichotuibia. Meza atapewa mjane mmoja wa wale waliochukuliwa waume." Wote wakaitikia. Na mimi niliitikia.

Kesho yake akaja kwangu bibi mmoja Mwislamu wa Kiganda, mwenye kibanda cha chai kule Kansanga. Alichagua vitunguu kimoja kimoja kama anayenunua dhahabu, nami nikaanza kupandwa na hasira, nikataka kumwambia hivi si vito, mama. Ndipo akasema polepole bila kuniangalia: "Jirani yako yuko kwangu na watoto. Mumewe aliuawa njiani, hakufika kaskazini. Yuko eda. Anasema amefiwa, mumshikie meza."

Nilikasirika. Nilimkasirikia jirani yangu! Mwanamke amepigwa mbele ya macho yetu, amenyang'anywa kila kitu, halafu anatuma salamu ya mfiwa, kana kwamba sisi bado ni wenzake, kana kwamba desturi bado ipo, kana kwamba hatukuona tulivyokuwa siku ile. Angetuma matusi ningelala usingizi. Nilimfungia yule bibi vitunguu vyake, na kabla hajafika mwisho wa safu nilikuwa nimeshakata shauri. Meza ile haitagawiwa. Labda wanizike chini yake.

Saa nane wateja walipopungua, nilikiweka kile kinu juu ya meza ya mguu mbovu, nikaita wote. Nilisema: "Hiki ni chake. Nilikiiba mimi. Nakirudisha. Na mwenyewe hakuvuka mpaka wowote. Amefiwa na mume, yuko eda, na ametuma salamu."

Wengi wao walikuwa Wakristo, neno eda walilisikia tu. Mmoja akauliza ni ugonjwa gani. Nikaeleza kwamba mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, hafanyi biashara, anamwombolezea mumewe.

Mkubwa wa safu alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Miezi minne na siku kumi," akasema. "Na sisi tulilia siku ngapi? Mimi nililia siku ngapi?" Akajijibu mwenyewe. "Hata moja. Ningelia, jirani angesema, na wale waliomchukua wangerudi. Nilikuja hapa kesho yake nikauza maharage. Hakuna aliyenishikia meza. Hakuna hata aliyeniambia kitalo."

Kitalo ndilo neno Waganda wanalomwambia mfiwa, na ilikuwa kweli, hatukumwambia. Ungempa pole mtu ambaye serikali imemchukulia mtoto, ungekuwa umekiri kwamba amechukuliwa. Sote tulimpita kama hatukusikia kitu. Wanawake wakaanza kutazama chini, na hapo ningepaswa kunyamaza, lakini mdomo wangu haukuumbwa hivyo.

"Kwa hiyo sisi tulinyimwa kilio, na yeye tumnyime?" nikasema. "Tukishamnyima, mwanao atarudi?"

Aliinuka. Nilidhani atanipiga, na kusema kweli nilistahili. Lakini alisema tu, "Wewe una watoto wako wote nyumbani," akaenda zake. Maneno hayo yaliniingia na hayakutoka kwa muda mrefu. Wengine nao wakatawanyika mmoja mmoja. Hakuna aliyekubali, ila kwa kuwa salamu ilikuwa imefika, kanuni haikumruhusu mkubwa kuigawa meza.

Nikaishika peke yangu. Fundi mmoja wa Katwe alinipigia mguu mpya kwa bei ya maneno mazuri na kilo mbili za vitunguu. Nilinunua karanga kidogo na ufuta kidogo, nikapanga vile vile alivyokuwa akipanga yeye, kikombe cha kupimia upande wa kulia. Nikawa nakimbia kati ya meza mbili kama mwenda wazimu, mteja wa nyanya huku, mteja wa karanga kule, na wenzangu wakinitazama bila kusaidia hata kuniwekea chenji. Wiki nzima hakuna aliyenisalimia. Thubutu! Na mimi sikumsalimia mtu.

Kisha mtu, sijui nani na sitaki kujua, akawanong'oneza askari wa Tanzania kwamba kwetu kuna meza ya adui. Wakaja watatu, koplo mbele, kijana mwembamba mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Safu nzima iliganda. Sare ni sare. Miguu yetu ilikuwa haijajua bado kwamba serikali imebadilika. Koplo akamsogelea mkubwa wa safu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mkubwa akanigeukia mimi. "Anataka nini?"

"Anakuamkia," nikamwambia kwa Kiganda.

"Askari? Ananiamkia mimi?"

Nikamwambia koplo kwamba mama amesema marahaba. Akaridhika. Akawa anatuita sote ndugu, ndugu wananchi, na huko nyuma nikasikia mmoja akicheka puani, tangu lini mwanajeshi akawa ndugu yetu. Kisha koplo akaweka mkono juu ya meza. "Ndugu, tumeambiwa hii ni mali ya mwanajeshi wa adui. Ya nani?"

Kiswahili kile kile kilichofanya nitazamwe kwa jicho la pembeni sokoni, siku hiyo ni mimi pekee niliyekijua sawasawa. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema ni yangu, na ingekwisha hapo. Lakini nikiisema ni yangu, ndiyo nimemwibia tena. Nikapiga moyo konde nikasema: "Ina mwenyewe, afande. Ni mwanamke, muuza ufuta, na amefiwa. Sisi wenzake tunamshikia mpaka amalize matanga. Ndiyo desturi yetu hapa."

Koplo akanitazama, akatazama safu. Hakuwa mpumbavu. Akamrudia mkubwa. "Mama, ni kweli?"

Nikamtafsiria mkubwa neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza; sasa haikuwa tena mikononi mwangu. Angesema tu hapana. Angesema mumewe alikuwa dereva wa jeshi, na ingekuwa kweli tupu, na wale vijana wangebeba kila kitu mpaka kinu. Mkubwa wa safu alikuwa ameshika rozari ndani ya mfuko wa gauni; niliona kitambaa kikitikisika. Kisha akasema kwa Kiganda, "Amefiwa," na akaongeza kwa Kiswahili kibovu ambacho sikujua kuwa anacho, "Kweli. Mutu yake kufa."

Baadaye nilielewa. Mambo mengine angeweza kuyakataa, lakini kifo cha mtu asingekikana, kwa kuwa kifo cha mwanawe watu walikuwa wamemkania.

Yule koplo akavua kofia. Akasema, "Poleni sana, akina mama. Poleni na msiba," akitusemesha sote, safu nzima, kisha akanunua karanga za kikombe kimoja akaondoka na wenzake. Mkubwa akazunguka nyuma ya magunia yake. Hatukumfuata. Tulimsikia tu akipenga kamasi, mara moja, mara mbili, kwa muda mrefu.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, ila msidhani yalibadilika kwa kishindo. Asubuhi moja nilikuta beseni juu ya meza, limeoshwa. Sikuuliza. Siku nyingine mwavuli, umeshonwa pale ulipochanika. Halafu gunia la hina lililopungua nusu, na muuza ndizi akipita mbele yangu kama mtu anayekwenda zake, akisema kwa hewa tu, "Nusu nyingine niliipaka kwenye harusi ya dada yangu. Mtanisamehe." Nilijitia hamnazo. Ningesema neno moja tu la kejeli, na ulimi ulikuwa unaniwasha jamani, pasingerudi kitu kingine. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote niliyofanya mwaka ule: kunyamaza. Ikaanza zamu. Jumatatu huyu, Jumanne yule. Mkubwa wa safu peke yake hakuguswa na zamu, na hakuna aliyethubutu kumtaja.

Kila Jumapili nilitembea mpaka Kansanga na kikapu: sabuni kipande, chumvi, unga, chochote ambacho meza ilikuwa imezaa wiki ile. Bibi wa kibanda alinipitisha uani. Jirani yangu alikaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, amekonda mpaka shingo. Mara ya kwanza tulishindwa kuanza. Mimi, nishindwe kuanza!

Mwishowe akasema, "Ulitazama vitunguu."

"Nilitazama," nikasema. "Nisamehe. Sina la kujitetea."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na kinu changu kipo?"

"Kipo. Nilikiiba."

"Nilikuona ukikiokota, nilipogeuka nikikimbia. Nikasema alhamdulillahi, kimemwangukia mgomvi, hakuna atakayemnyang'anya." Tukacheka, tukacheka vibaya, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, watoto wakaja mlangoni kutuangalia.

Jumapili nyingine aliniambia jambo ambalo nimelibeba tangu hapo. Alikuwa akisuka kawa, yale makawa ya rangi ya Wanubi, vidole vikienda vyenyewe. Akasema: "Watu wanadhani mimi nilijua. Mume wangu alikuwa anaendesha lori. Anarudi asubuhi, ananawa mikono muda mrefu, anaomba chai. Sikumwuliza amebeba nini. Miaka yote hiyo nimelala naye kitanda kimoja na sikuuliza." Akakaza uzi. "Kutokujua kwangu nilikutafuta mwenyewe. Yule mama akinichania mtandio, alikuwa ananiuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mimi."

Sikumwambia si kosa lako. Sikujua kama si kosa lake. Nilimwambia tu meza ipo na itakuwepo.

Mwezi wa saba nikaugua malaria, ile ya kutetemesha meno. Ilikuwa zamu ya muuza ndizi naye hakuja, nikaja mimi, nimejifunga blanketi juani, napima ufuta na nusu unamwagika chini. Mkubwa wa safu akanitazama kwa muda, kisha akainuka, akaja, akaninyang'anya kikombe.

"Nenda nyumbani, mkaidi wewe. Unamharibia mali."

"Siachi meza tupu," nikamwambia, meno yakigongana.

"Nani amesema tupu? Nina macho, nina mikono. Nenda!"

Nikaenda. Nililala siku tano nikiwaza atafanya nini pale, atamwaga, atawapa watu bure, atapagawa. Niliporudi nilikuta ufuta umepepetwa, hauna hata punje moja ya mchanga, jambo ambalo mwenyewe hakuwahi kulifanya kwa usafi ule. Katika orodha ya zamu, Ijumaa ikawa yake. Hakuna aliyemwandika; alikuja tu kila Ijumaa, akakaa, akauza, na alikuwa hamtabasamii mteja.

Eda ikaisha mwishoni mwa mwezi wa nane. Nilimshauri jirani yangu arudi Ijumaa. Hakuuliza kwa nini, na mimi sikumwambia. Nilimfuata Kansanga asubuhi, tukaja kwa miguu, na tulipofika Katwe, mafundi wakigonga mabati, kuna mtu alimnyooshea kidole akasema kitu. Nikamgeukia yule mtu nikamtolea uvivu wote wa miezi minne. Jirani akanivuta mkono. "Twende," akasema. "Hasira zako zitunze, safari bado." Alikuwa anatetemeka kuliko mimi siku ya malaria, lakini miguu yake haikusimama.

Tukaingia safu yetu. Mazungumzo yakakatika meza moja baada ya nyingine, kadiri tulivyopita, mpaka mwisho kabisa. Mkubwa wa safu alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, anampimia mteja ufuta. Akainua macho akamwona. Hawakuwa wameonana tangu siku ile ya mtandio.

Mkubwa akamwambia mteja, "Subiri. Mwenyewe amefika." Akainuka, akapangusa kigoda kwa kitambaa chake, akasogea pembeni. Hakuomba radhi. Nilijua hataomba, na sikumlaumu.

Lakini jirani yangu hakukaa. Alisimama upande wa wateja, mikono ameiweka juu ya meza yake, viganja wazi. Akasema kwa Kiganda, lugha ambayo kwa miaka yote ile hakuwahi kuizungumza na mwanamke yule: "Mama, Jumapili tunasoma hitima ya mume wangu. Nataka nimwombee dua na mwanao. Najua nyinyi ni wa kanisani. Kama hutaki sitamtaja. Lakini sikuwahi kukuuliza. Aliitwa nani?"

Safu nzima tulisikia. Na papo hapo nikatambua kwamba mimi, niliyekaa na mama yule miaka yote hiyo, niliyemsemea kwa koplo, niliyemgombeza mbele za watu, jina la mwanawe silijui. Tulikuwa tukisema "yule kijana wako." Tulikuwa tukisema "lile jambo." Tangu siku aliyotiwa kwenye buti, jina lake halikutajwa sokoni na mtu yeyote, wala na mama yake, kwanza kwa hofu, kisha kwa mazoea.

Mkubwa wa safu alimtazama. Akashika ukingo wa meza. Mteja akaweka kikapu chake chini. Jirani yangu hakumhimiza, alingoja tu.

Kisha mkubwa akalitaja. Jina la ubatizo na jina la ukoo, yote mawili. Mara ya kwanza kwa mnong'ono, kama anayeogopa mlango utagongwa. Akatazama huku na huku, hakuna aliyekuja. Akalitaja tena kwa sauti, kwa ile sauti ambayo mama humwitia mtoto aliye mbali barabarani, na wauza samaki wa safu ya pili wakageuka.

Sitaliandika hapa, si langu. Lakini nakumbuka alivyobaki amesimama, mkono kwenye koo, akimwambia jirani yangu, "Nilikuwa nimesahau linavyosikika."